Kamba ya Mafundo na Vinyungu vya Lugodi

Vijana, leo nitajisifu, na naomba mnivumilie mpaka nimalize. Nilikuwa mjumbe wa Baraza la Wilaya ya Njombe enzi za Mwingereza. Nilichaguliwa na watu wa Lugodi, kijiji chetu cha huku upande wa kwenda Makambako, na kazi ile niliifanya vizuri. Niliiharibu mara moja tu, vibaya sana, na hiyo mara moja ndiyo ninayojivunia kuliko mara zote nilizofanya vizuri. Msicheke bado.

Nyie mnaotaka udiwani siku hizi mnaanza kwa kuuliza kiti kiko wapi. Sisi hatukuwa na kiti wala meza. Ofisi yangu ilikuwa miguu miwili na koti moja zito nililolinunua kwa askari aliyerudi kutoka vitani, limetobolewa na nondo mgongoni. Siku ya Baraza nilidandia lori pale Makambako, nikakaa juu ya magunia, na upepo wa pale mnaujua wenyewe. Mpaka nafika Njombe midomo ilikuwa imekufa ganzi, hata salamu haitoki sawasawa. Viatu nilivibeba mkononi. Nilinawa miguu kwenye kijito cha mwisho, nikavivaa hapo, nikaingia bomani natembea kama mtu aliyezaliwa navyo. Wenzangu wengi walifanya vivyo hivyo, na pale kijitoni ndipo tulipopeana habari za kweli kabla ya kwenda kupeana zile za heshima ndani.

Hapo kijitoni ndipo nilipompata mwalimu wangu, Mzee Mgaya, mjumbe wa upande wa Matembwe. Alikuwa mzee wa kanisa la Kilutheri, ulanzi, pombe yetu ya mianzi, hagusi, ila alijua kila aliyeugusa na saa aliyougusa. Siku yangu ya kwanza aliniona na daftari jipya kwapani.

"Hilo la nini, mwanangu?"

"La kuandika shida za watu, mzee."

Akatoa mfukoni kamba ya katani, urefu wa mkono, ina mafundo. Akaniambia kila fundo ni shida ya mtu mmoja. Ukiipeleka Baraza na ukarudi kwake na jibu, liwe jema au baya, unafungua fundo mbele ya macho yake. Hujampa jibu, hufungui.

"Daftari utalifunga ulisahau," akasema. "Kamba itakukera mfukoni kila ukitia mkono."

Nikasokota ya kwangu jioni ileile. Watu wa Lugodi walicheka mwanzoni, lakini haikupita miezi miwili wakawa wananisimamisha njiani: "Kamwene, mjumbe. Nifungie na mimi fundo." Mkunga wa zahanati anafokea wajawazito, fundo. Daraja la magogo limeoza, fundo. Nikajifunza kuyapapasa gizani kama mtu anayesali na tasbihi, nayataja majina moja moja.

Ila siku moja nilifika na mafundo tisa, nikakumbuka manane. La tisa likanitoa jasho. Nikarudi Lugodi nyumba kwa nyumba kuuliza, "Jamani, ni nani ambaye sijamjibu?" Kumbe ni Mzee Luhwago, kipofu wa kule mlimani. Shida yake ilikuwa moja: alitaka nimuulizie Bwana Dii-Sii, yule Mzungu mkuu wa wilaya, kama ni kweli kwamba mfalme wa Waingereza sasa ni mwanamke. Nikamwambia ni kweli. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi fungua fundo." Habari hiyo ikaenea kijijini mpaka kwa wanawake. Ishikeni, itarudi mbele.

Sasa niwaambie kosa langu.

Kwetu uwanda wa juu mahindi ya mvua yanachelewa kukomaa kwa sababu ya baridi. Kuna miezi ghala limeisha na shamba bado. Miezi hiyo tunaishi kwa vinyungu. Wale mliokulia mjini, kinyungu ni tuta la bondeni, kwenye ardhi yenye unyevu kando ya kijito. Unalima wakati wa kiangazi, unachimba mfereji kati ya tuta na tuta ili maji yapite, unapanda mahindi, maharage na maboga. Wakati wengine wanaanza kutazama mbinguni, wewe unakula mahindi mabichi. Kwetu kazi hiyo ilikuwa ya wanawake. Wanaume tulikuwa na mashamba ya juu na miti yetu ya miwati, na tuliongea sana.

Mwaka ule Bwana Shamba, Mzungu wa kilimo, alileta hoja. Vijito vinakauka, alisema, kwa sababu watu wanalima mpaka kwenye maji. Alitaka sheria ndogo: mtu asilime ndani ya hatua thelathini kutoka kwenye kijito. Hakuwa mjinga, na wala hakuwa mwongo. Bonde la jirani zetu chemchemi ilikuwa imekufa kweli, mtu kapanda mahindi juu yake. Tukaambiwa kila mjumbe akaulize watu wake, aje na neno lao.

Nikaitisha mkutano. Mwezi wa nane, saa nne asubuhi, uwanja wa shule. Wenye akili mmeshaliona kosa. Mwezi wa nane ndio mwezi wa kupanda vinyungu, na saa nne ndipo jalidi inapoyeyuka na mikono inaweza kushika jembe. Wanawake wote wa Lugodi, na mke wangu Tuponile akiwamo, walikuwa bondeni wamezama mpaka vifundoni. Waliokuja uwanjani ni wazee, fundi seremala, na wanaume wanne waliokuwa wanaota jua kutuliza kichwa cha ulanzi. Nikawasomea hoja kwa sauti ya kibomani. Nikauliza nani anapinga. Kimya. Nikauliza mara ya pili, maana nilipenda kusikia sauti yangu. Kimya.

Nikafunga fundo moja: watu wamekubali. Nikaenda Njombe. Walipouliza wanaoafiki, mkono wangu ulikuwa wa kwanza kwenda juu, na koti likanyanyuka nao.

Baada ya wiki kadhaa akaja tarishi na kamba ndefu na vigingi. Akapima hatua thelathini huku na hatua thelathini kule. Bonde letu ni jembamba. Vinyungu vyote vya Lugodi, toka cha kwanza hadi cha mwisho, viliangukia ndani ya vigingi, na amri ilikuwa ving'olewe kabla ya mvua za kwanza. Kigingi cha mwanzo kabisa kilipigwa katikati ya maharage ya mke wangu.

Jioni niliwekewa ugali mkavu. Nikauliza mboga iko wapi.

"Imebaki ndani ya vigingi vya Baraza," Tuponile akasema. "Kamuombe tarishi."

Nilikula ugali ule na maji. Sikuwa nimetafuna nusu Mama Twilumba akaingia. Huyu alikuwa mjane, watoto watano, na kinyungu chake ndicho kilichokuwa kirefu kuliko vyote bondeni. Hakuwa na shamba la maana juu. Ndugu wa marehemu walikuwa wamelichukua. Kwa yule mama kinyungu hakikuwa mboga. Kilikuwa chakula cha watoto kuanzia Desemba hadi Machi. Alisimama mlangoni, hakukaa, na kwetu mgeni asipokaa ujue umeharibu.

"Mwanangu, nani alikubali?"

"Watu, mama. Nilifanya mkutano, niliuliza mara mbili."

"Mimi ulinikuta?"

"Hukuja."

"Nilikuwa ninapanda. Sauti yako niliisikia mpaka kule bondeni, nikasema, leo mjumbe wetu anahubiri. Ungeshuka hatua mia, ungetukuta wote. Ungeuliza hata mwenzio huyu aliyekupikia."

Nilitaka kusema mengi. Nilikuwa na maneno ya sheria, ya utaratibu, ya muda. Nikatia mkono mfukoni nikaigusa kamba, nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona tena maishani. Fundo nililolibeba hadi Njombe nikasema ni la watu halikuwa la mtu yeyote. Nililifunga mwenyewe kwa ajili yangu. Nikalifungua mbele yake, nikafunga jingine palepale. Hapo ndipo alipokaa.

Siku ya pili nilishuka bondeni pamoja nao, bila viatu, na nilikaa huko siku tatu ninauliza. Hapo ndipo nilipojifunza kitu nilichopaswa kukijua tangu utoto. Mama zetu hawakulima chemchemi. Juu kabisa, pale maji yanapotokea, waliacha miti imesimama, na mtu akikata tawi pale alitozwa kuku na kusemwa mwaka mzima. Vinyungu vilianza chini yake. Mifereji yao iliyapitisha maji na kuyarudisha kijitoni. Bonde la jirani lilikufa kwa sababu mtu mmoja, mwanaume, tena msomi, alifyeka ile miti ya juu.

Nikamwendea Mzee Mgaya kumwambia nataka kurudi Barazani kuukana mkono wangu.

"Watakucheka," akasema.

"Najua."

"Mtwa atakasirika," akasema, akimaanisha mkuu wetu wa jadi. "Mbele ya Mzungu mjumbe wake anasema na kukanusha."

"Najua, mzee."

"Basi usiende na maneno matupu. Maneno uliyatumia vibaya mara ya kwanza. Nenda na kitu mkononi."

Hiyo ishikeni, vijana, inafaa mpaka leo. Siku ya Baraza niliingia na tenga kichwani, viatu vimejaa tope kwa makusudi. Watwa wetu, wakuu wa jadi, wamekaa mbele. Bwana Dii-Sii pembeni, miguu yake karibu na moto. Nikalishusha tenga katikati ya chumba: majani ya maboga, maharage mabichi, mahindi machanga yaliyokuwa ndiyo kwanza yanatoa mbelewele. Nikaomba kusema.

"Hiki ni chakula cha watoto wa Lugodi miezi minne ijayo," nikasema. "Sheria tuliyopitisha inakifukia. Naomba irudishwe mezani."

Bwana Dii-Sii alizijua kumbukumbu zake. Akasema kwa Kiswahili chake kilichonyooka: "Mjumbe wa Lugodi, wewe ulinyoosha mkono. Wa kwanza."

"Ndiyo, Bwana. Ulinyooka kabla sijashuka bondeni. Wenyewe sikuwauliza."

Wakacheka. Mjumbe mmoja akauliza kama kesho nitakuja kuikana hata kodi. Mtwa wa upande wetu hakucheka. Alinitazama toka viatu vya tope hadi kichwani, kisha akauliza, taratibu, "Na hao wenyewe ni akina nani?"

"Wanawake, Mtwa."

Hapo kicheko kikaongezeka, na mimi nikakasirika. Nashukuru nilikasirika, maana woga uliisha. Nikawauliza waheshimiwa wote waliomo mle, mmoja mmoja kwa macho, mwezi wa kwanza uliopita walikula nini na kilitoka wapi. Kicheko kikakatika. Mzee Mgaya akasimama kule nyuma, akasema yeye alikula mahindi ya bondeni, na mkewe ndiye aliyeyalima, na wala hakuwahi kumuuliza kitu. Akaketi. Bwana Shamba, kwa haki yake, ndiye aliyesema, "Nataka kuliona hilo bonde."

Akaja Lugodi wiki iliyofuata. Mama Twilumba alimpokea kwa heshima zote, kisha akaniambia kwa Kibena nimwambie avue viatu. Nikasita. "Mwambie," akasema. "Akikaa ukingoni ataona matope tu." Bwana Shamba akavua, akakunja suruali, akaingia mferejini, na wanawake wakazibana midomo kwa kanga jinsi miguu ile ilivyokuwa myeupe. Mama Twilumba akampitisha mfereji kwa mfereji mpaka kijitoni, kisha akampandisha hadi kwenye miti ya chemchemi, akamuonyesha maji yanavyotoka. Nilitafsiri nusu tu. Nusu nyingine Mzungu alikuwa ameshaielewa kwa nyayo.

Sheria ikaandikwa upya. Hakuna kukata mti wala kulima pale maji yanapotokea na hatua hamsini kuzunguka hapo. Vinyungu vya chini vibaki, mifereji isizibwe. Katika kitabu cha Baraza liliandikwa na jina langu, kwamba mjumbe wa Lugodi ameondoa kauli yake ya awali. Madaraja niliyoyapigania yana majina ya wengine. Mimi nina mstari huo mmoja, na siubadilishi na daraja lolote. Nikalifungua fundo la Mama Twilumba mbele yake, naye vile vigingi vya tarishi akaving'oa mwenyewe, akavifanya vya kutambazia maharage.

Hapo mngetarajia niseme nikabebwa juu juu. Uchaguzi ulipokuja nilishindwa. Zamani watu walijipanga mstari nyuma ya wanayemtaka, karani anahesabu vichwa. Mpinzani wangu alikuwa na duka njia panda na mdomo mkubwa. Alipita akisema, "Mjumbe gani huyu anayelamba maneno yake kama mbwa?" na wanaume wengi waliona kweli nimewatia aibu. Mstari wake ukawa mrefu. Wangu ukawa mfupi.

Kisha wakapanda wanawake kutoka bondeni. Hawakunawa, tope limekauka kwenye miguu. Wakaja mmoja mmoja wakajipanga nyuma yangu, Mama Twilumba mbele, Tuponile nyuma yake.

"Wanawake pembeni," karani akasema. "Wanaohesabiwa ni wanaume wenye vipande vya kodi."

Hawakusogea. Mama Twilumba akamuuliza, kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Karani, huyo anayekulipa mshahara kutoka Uingereza si mwanamke? Yeye anatawala, mimi hata kusimama sihesabiki?"

Karani aliona haya, lakini kazi ni kazi. Akapita na fimbo yake, anagusa bega la mwanaume, anaruka mwanamke, anagusa, anaruka. Nikashindwa kwa watu wanne. Alipokuwa anaandika, mimi nilitoa kamba yangu, nikatembea mstarini nyuma yake, nikafunga fundo kwa kila aliyemruka. Mafundo thelathini na moja. Kamba haikutosha, Tuponile alinipa kipande cha kufungia kuni nikakiunga.

"Kaza," Mama Twilumba akaniambia. "Si unasema halifunguliwi mpaka jibu lije?"

Nilikaa nje ya Baraza kipindi kizima, na kamba ile mfukoni. Mzee Mgaya alikuwa bado ndani, na kila nilipokutana naye kijitoni niliitoa nikamuonyesha. Alikuwa anajifanya kukasirika. Lakini kila Baraza alisimama kuuliza swali lilelile, kwa nini mwanamke hahesabiwi, mpaka wakawa wanalijua kabla hajakohoa. Siku za mwisho mwisho za Mwingereza, wakalikubali: mwanamke mtu mzima atahesabiwa.

Nikasimama tena. Uwanja uleule, karani yuleyule, sasa ana miwani. Akapita na fimbo. Alipofika kwa wanawake alisita kidogo, kisha akagusa bega, akaandika. Nikamwona Tuponile ameguswa, ameinamisha kichwa kama aliyebarikiwa, na mimi mtu mzima machozi yakanitoka hadharani, sikuyafuta. Kila aliyeguswa alikuja kwangu, nikamshikia kamba, akafungua fundo lake mwenyewe.

Nilishinda, bila shaka. Siku ile sikuuliza hata kwa wangapi.

Mama Twilumba alikuja wa mwisho. Alikuwa amezeeka, vidole vimekakamaa kwa baridi ya miaka yote ile bondeni, na fundo lake lilikuwa la kwanza katika yale thelathini na moja, limekazana kuliko yote. Nikamwambia, "Nikusaidie, mama." Akanitazama kama nimemtukana. Alilifungua kwa meno. Lilipoachia aliinyoosha kamba, akaivuta huku na huku kuipima nguvu, akainama kwenye mzigo wake wa majani ya maboga uliokuwa umelegea, akaufunga nayo.

"Kamba nzuri hii," akasema, "ilikuwa inakaa bure mfukoni mwako."

Akajitwisha, akashuka zake bondeni. Ndiyo maana, vijana, sina kamba ya kuwaonyesha.